Pange Aliyeniuma Alikuwa Mama

Haya niliyasema mbele ya walimu wa sayansi waliokuwa wakijiandaa kuwatoa wanafunzi wao madarasani na kuwapeleka porini. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Walimu wangu, wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Mlinitaka niwasimulie siku niliyoshinda katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Parker River, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni siku moja tu, mwishoni mwa Julai, majira ya joto ya huko, wakati jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na halina haraka ya kutua. Nitaianzia pale ilipoanza yenyewe: nyuma ya goti langu la kushoto. Sikuwa nimepiga hatua mia tangu nishuke garini, nikahisi kama nimekatwa kwa ncha ya mkasi. Nikapiga kofi. Akaangukia kwenye njia ya mbao: pange, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, na macho yake ya kijani yanang'aa kama shanga zilizooshwa. Damu ilinitiririka hadi kwenye soksi.

Nikajiuliza papo hapo, nikiwa bado nimeinama: hivi na huyu naye anahifadhiwa?

Swali hilo lilinishika siku nzima, nami ndilo nililowaletea leo.

Hifadhi za wanyamapori za Marekani zilizaliwa kwa mapenzi ya ndege. Ya kwanza ni Pelican Island, kisiwa kidogo cha Florida, ambacho Rais Theodore Roosevelt alikitenga tarehe 14 Machi 1903, siku zile wawindaji walipokuwa wakiwamaliza yangeyange na wenzao ili manyoya yao yakapambe kofia. Leo hifadhi za mfumo huo zimepita 560. Parker River ilianzishwa mwaka 1941, ekari zaidi ya 4,600, sehemu kubwa ikiwa katika Plum Island, kisiwa chembamba cha mchanga kinachokaa kati ya bara na bahari ya Atlantiki. Shabaha yake ilikuwa ndege wanaohama, wapate pa kula, pa kupumzika na pa kuzalia. Mwaka 1947 Rachel Carson, wakati huo mwanabiolojia na mhariri serikalini, aliandika kijitabu juu ya mahali hapo hapo. Kwa hiyo nami nilikwenda kama wanavyokwenda wengi, darubini shingoni, macho juu. Pange alinifanya niangalie chini.

Na chini, jamani, kuna mambo.

Upande wa kisiwa unaotazama bara kuna kinamasi cha maji ya chumvi, sehemu ya kinamasi kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo katika majimbo yale ya kaskazini-mashariki yanayoitwa New England. Ukikitazama kutoka mbali utasema ni shamba moja la kijani. Ukisogea unaona ni mashamba mawili, na mpaka umechorwa na maji. Karibu na mikondo, pale maji yanapojaa mara mbili kila siku, kuna nyasi ndefu, ngumu, zimesimama wima. Wataalamu waliziita Spartina alterniflora. Panapoinuka kidogo, kiasi cha shubiri mbili tu, pale maji yanapofika wakati wa bamvua pekee, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, nyasi hubadilika. Spartina patens ni laini, nyembamba, zimelala kwa mapindo kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini. Hakuna aliyepanda uzio pale. Zile ndefu zinaweza kuishi kwenye tope lisilo na hewa, kwa sababu ndani ya mashina yake kuna mianya inayopeleka hewa hadi mizizini. Zile laini haziwezi kuvumilia tope la namna hiyo, lakini kwenye mwinuko zina nguvu ya kuzisukuma ndefu zirudi chini.

Zote mbili zinakunywa maji ya chumvi, na zote zina tezi majanini za kuitema chumvi hiyo nje. Nilichuma jani moja kwa macho tu, yaani nililiinamia bila kulikata, nikaligusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu, chembe kwa chembe. Wenzangu mliowahi kulamba jani la mchu katika mikoko mnaujua utamu wa ugunduzi huo. Mchu nao hutema chumvi kwa njia hiyo hiyo, wakati miti hii ya kitropiki na nyasi zile za nchi ya theluji hazina hata chembe ya udugu wa karibu. Kati ya nyasi kuna mmea mwingine mfupi, hauna majani ya kuonekana, viungo vyake vimenona kama vidole vya mtoto mchanga: Salicornia. Huu hautemi. Huu unaificha chumvi ndani ya chembe zake pamoja na maji mengi, na majira ya joto yakiisha unageuka mwekundu, kinamasi kinawaka.

Nikiwa nimepiga magoti pale ndipo nilipoanza kuona mistari. Mitaro, imenyooka kama uzi wa fundi, inakatisha kinamasi kutoka ukingo hadi ukingo. Maji ya asili hayaendi hivyo, maji hujipinda. Mitaro ile ni kazi ya mikono ya watu. Katika miaka ya 1930, sehemu kubwa ya vinamasi vya chumvi vya pwani ile ilichimbwa mitaro ili kukausha madimbwi wanamozaliana mbu. Nia ilikuwa njema. Lakini ndani ya madimbwi yale walikuwamo samaki wadogo, urefu wa kidole, ambao chakula chao kimojawapo ni viluwiluwi wa mbu. Dimbwi likikauka, samaki anaondoka. Mbu wa kinamasi yeye hutaga kwenye tope lenye unyevu, na mayai yake yanaweza kungoja mpaka bamvua ijayo. Basi mlinzi akafukuzwa, mwizi akabaki.

Baada ya vita vikuu vya pili ikaja DDT, sumu ya kuua wadudu, ikanyunyizwa kutoka angani juu ya vinamasi vingi vya mashariki mwa Marekani. Mnajua habari yake. Rachel Carson yule yule wa kijitabu cha hifadhi ndiye aliyeandika, mwaka 1962, kitabu kilichoifanya nchi nzima ijiulize inamwaga nini juu ya ardhi yake. DDT ikapigwa marufuku huko mwaka 1972. Nalitaja hili kwa sababu pange wa macho ya kijani naye alikuwa kwenye orodha ya waliokusudiwa kuangamizwa, na nataka mmjue vizuri kabla hamjamhukumu.

Buu lake huishi kwenye tope na mizizi ya nyasi za kinamasi, mwaka mzima na pengine zaidi. Huko chini ni mwindaji. Hula mabuu ya wadudu wengine na viumbe laini wa topeni, na likikutana na ndugu yake humla pia. Linapitisha humo baridi kali ya huko, kisha siku za joto zikifika linapanda karibu na uso wa ardhi, linageuka bundo, na mwezi Julai anatoka pange kamili mwenye mabawa. Dume hali damu kabisa. Hunyonya mbochi wa maua. Na jike? Hapa ndipo nilipokaa kitako. Jike hutaga kundi lake la kwanza la mayai bila kuonja tone la damu ya mtu wala mnyama. Akiba ya kuyatengeneza mayai yale aliikusanya tangu akiwa buu, kule topeni. Ni kwa kundi la pili tu ndipo anahitaji damu, na ndipo anapotoka kututafuta.

Maana yake ni kwamba pange anayekuuma ameshataga. Yule niliyempiga kofi alikuwa mama.

Pembezoni mwa vinamasi vya eneo lile utaona masanduku meusi yamesimama juu ya miguu, kama meza zilizosahauliwa na wavuvi. Ni mitego. Chini hayana sakafu, juu yamefunikwa kwa wavu. Pange huona kitu cheusi kimesimama uwandani akadhani ni ng'ombe au swala, hupita chini yake kutafuta tumbo la kuuma, kisha huvutwa na mwanga wa juu, akanaswa. Hakuna sumu, hakuna chambo. Na kwa sababu wanaonaswa karibu wote wameshataga mara moja, mitego inapunguza kero ya watu bila kuwafuta pange kinamasini. Nalipenda sana suluhisho lile. Aliyelibuni alimsoma mdudu kwanza, halafu akachukua nyundo.

Saa sita mchana nilivuka barabara nikaingia upande wa matuta ya mchanga. Joto la mchanga lilipita kwenye soli za viatu. Pale unatembea juu ya njia ya mbao, hutoki, na sababu yake ni nyasi. Nyasi ya matuta, Ammophila breviligulata, ndiyo inayoushikilia mchanga wote ule. Mashina yake hutambaa chini kwa chini na kuchipua kila baada ya hatua. Upepo ukiifukia kwa mchanga haifi. Kufukiwa kunaipa nguvu, inakua kwenda juu na kuliinua tuta pamoja nayo. Jua likizidi hukunja majani yake yakawa kama mrija ili maji yasipotee. Mmea uliojaliwa kustahimili dhoruba za Atlantiki, lakini nyayo za watu hauziwezi. Ukanyagwe mara chache mahali pamoja, machipukizi yanavunjika, panabaki uwazi, upepo unaingia kwenye uwazi huo na kuuchimba.

Nyuma ya tuta la kwanza, palipo na kivuli cha upepo, kuna vichaka vya mplamu wa pwani, plum kwa Kiingereza, uliokipa kisiwa jina lake. Julai matunda bado yalikuwa ya kijani, magumu kama gololi. Kuna kichaka cha matunda madogo yaliyofunikwa kwa nta, ambacho mizizi yake hukaa na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea katika mchanga usio na rutuba. Mbayuwayu wanaokusanyika kisiwani kwa makundi makubwa ifikapo Agosti huyala matunda hayo na kuweza kumeng'enya nta yake, jambo ambalo ndege wengi hawaliwezi.

Na kuna poison ivy. Mmea huu una vijani vitatu vitatu, vinang'aa, vizuri kutazama. Mafuta yake yakigusa ngozi, watu wengi hutokwa na malengelenge yanayowasha kwa majuma mawili. Wageni humchukia kuliko hata pange. Lakini angalia anachofanya: anatambaa juu ya mchanga na kuushona kama mtu anavyoshona jamvi, na matunda yake meupe huwalisha ndege katika miezi ambayo karibu kila kitu kingine kimekwisha. Walimu, mkienda mahali penye mimea ya namna hiyo wafundisheni watoto kuitambua kabla ya kitu kingine chochote, na wavae suruali ndefu zilizoingizwa ndani ya soksi; kupe wapo pia. Halafu mkishawaonyesha, waambieni mmea huo unafanya kazi gani.

Nilikaa pale kwenye ukingo wa mbao muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mita mbili mbele yangu nyigu mmoja alikuwa akichimba mchanga kwa miguu ya mbele, akiurusha nyuma chini ya tumbo lake kama mbwa. Ni nyigu wa mchangani, wa jenasi ya Bembix. Jike huchimba shimo, akataga yai moja, na buu likitoka halimwachi mama apumzike: hulilisha siku kwa siku, akileta chakula kibichi, mpaka likue. Wengi wa jamaa za nyigu hujaza chumba chakula cha mara moja, wakafunga mlango, wakaenda zao. Huyu hulea.

Akaruka. Nikangoja. Aliporudi alikuwa amekumbatia kitu kwa miguu ya katikati, kimening'inia chini ya tumbo. Akatua, akafungua mchanga mahali ambapo mimi nisingeweza kupatofautisha na pengine popote, na kwa nukta moja tu kabla hajazama nikaona: macho ya kijani.

Sikuwahi kufurahi hivyo kumwona adui yangu. Pange aliyekula topeni mwaka mzima, aliyetokana na nyasi zenye kutema chumvi, amevushwa barabara na kupelekwa chini ya tuta akawe nyama ya mtoto wa nyigu. Kereng'ende nao walikuwa wakipita juu ya vichaka wakifanya kazi hiyo hiyo, na mbayuwayu juu yao. Ningekuwa na uwezo wa kumwondoa pange asubuhi ile, na kwa kweli nilipokuwa nashika goti ningemwondoa, ningemnyang'anya mama huyu chakula cha mtoto wake bila hata kujua kwamba yupo.

Kando ya njia niliona viwavi wa kipepeo mfalme, wenye mistari ya njano, nyeupe na nyeusi, wakila majani ya mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa. Sitakaa sana kwao. Kipepeo yule ana wapenzi wa kutosha. Nusu gramu ya kiumbe, na yeye au watoto wake wataruka zaidi ya kilomita 3,000 hadi milima ya Mexico. Ila kumbukeni kwamba anakula aina moja tu ya mimea akiwa kiwavi, na mmea huo wakulima wengi huuita gugu.

Alasiri nikashuka ufukweni, na ufukwe ulikuwa umefungwa nusu kwa kamba. Kila mwaka hifadhi hufunga ufukwe wake kuanzia tarehe 1 Aprili, na huufungua kipande kwa kipande katikati ya majira ya joto, kwa sababu ya kindege kinachoitwa piping plover. Rangi yake ni ya mchanga mkavu, akitulia humwoni. Hutaga mayai manne kwenye kishimo kisichokuwa na chochote. Tangu mwaka 1986 ndege wa pwani ile wamelindwa kwa sheria ya viumbe walio hatarini. Vifaranga wake hawaletewi chakula. Saa chache baada ya kuanguliwa huwa wanakimbia wenyewe hadi kwenye mstari wa mwani uliotupwa na maji, na huko huokota nzi, mbawakawa wadogo na viroboto wa mchangani. Fukwe nyingi za mapumziko husafishwa kwa trekta ili mwani usiwanukie wageni. Mwani ukiondoka, wadudu wameondoka. Kifaranga anakimbia juu ya sahani tupu. Kamba ile niliyoikuta ufukweni inalinda ndege, ndiyo, lakini kwa vitendo inalinda mwani uozao na nzi wake.

Na kuna mdudu aliyepotea kabla kamba hazijafungwa. Ni mbawakawa simbamarara wa fukwe za kaskazini-mashariki, Cicindela dorsalis dorsalis, mweupe mwenye michoro myeusi, mkimbiaji hodari. Jamaa za mbawakawa hawa hukimbia kwa kasi inayoyazidi macho yao: inabidi asimame, atazame windo liko wapi, kisha akimbie tena. Zamani walijaa kwenye fukwe kuanzia Massachusetts kwenda kusini. Buu lake hukaa kwenye tundu lililosimama wima mchangani, kichwa chake bapa kimeziba mlango, likingoja mdudu apite. Linakaa hivyo kama miaka miwili. Miaka miwili mahali pamoja, kwenye ufukwe ambapo magari ya magurudumu manne yanapita kila Jumamosi. Kufikia mwaka 1990, alipoingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, alikuwa ametoweka karibu kabisa katika pwani ya New England, amebaki mahali pachache tu.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo jibu la swali la asubuhi. Kusini mwa Parker River, kwenye jimbo hilo hilo, kuna hifadhi nyingine iitwayo Monomoy, iliyoanzishwa mwaka 1944, nayo kwa ajili ya ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walichimbua mabuu ya mbawakawa yule katika ufukwe ambako alikuwa amesalia, wakayabeba kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai, wakayapeleka Monomoy na kuyaweka mchangani. Yakakua. Yakazaa. Wazieni: watu wazima, wenye shahada, wamepiga magoti ufukweni wanamkaribisha mdudu nyumbani. Hakuna kofia iliyowahi kupambwa kwa mabawa yake. Hana sauti ya kuimba. Hifadhi ilimfungulia mlango kwa sababu tu pwani ile ilikuwa yake.

Nilirudi kinamasini jioni, kwa sababu ilikuwa siku ya bamvua na nilitaka kuona maji yakifika kwenye zile nyasi laini. Pange walikuwa wamepungua. Hawapendi ubaridi wa jioni. Maji hayakuja kwa wimbi. Yalijaa kimya kupitia mitaro na mikondo, kisha yakaanza kuchungulia kati ya mashina, na ardhi niliyoiinamia asubuhi ikawa inang'aa. Nikawasha tochi nikapiga magoti tena kwenye ukingo wa mbao.

Kuna konokono mdogo kinamasini pale, rangi na umbo la punje ya buni. Anaishi pale maji ya bahari yanapofika, lakini hupumua kwa pafu, kama sisi. Akifunikwa muda mrefu anakufa maji. Kwa hiyo bahari inapopanda, naye anapanda. Kwenye kila shina mwanga ulipofika walikuwa wanapanda, watatu, watano, taratibu, pamoja na buibui na panzi waliokuwa wakiishi chini kabisa mchana kutwa, kila mmoja akitafuta unyasi unaotosha kumshika juu ya maji. Nyasi ziliinama kidogo kwa uzito wao. Nilikaa nao mpaka maji yakasimama, goti likiwa bado linaniwasha.